Mawe ya mizani yasipolingana, cheti hakitoki

Mtu asimamaye Magogoni asubuhi, penye kivuko kiendacho Kigamboni, yu katikati ya mambo mawili. Jirani yake ni Ikulu, ambamo kwa miaka mingi nyaraka kubwa za nchi hii zilitiwa saini na kupigwa muhuri. Mbele yake ni bahari, ambayo ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wamezoea kuivuka kila walipohitaji karatasi, idhini au stakabadhi kutoka bara.

Siku hizi sehemu ya safari hizo imepungua. Mwananchi wa Wete au wa Kilindoni aweza kuketi barazani kwake, akafungua ukurasa wa taasisi ya umma kwa simu, akapata namba ya malipo na kulipa bila ya kupanda boti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliitambua saini ya kielektroniki. Mwaka 2017 serikali ilianza kukusanya malipo yake kwa mfumo wa GePG, ambao hupokea kutoka kwa taasisi ujumbe uliotiwa saini ya kidijitali. Mwaka 2019 ikapatikana Sheria ya Serikali Mtandao. Haya ni maendeleo ambayo hatuna budi kuyapongeza.

Hata hivyo, maendeleo hayo yameegemea kitu ambacho wengi wetu hatukioni, nacho ni cheti cha usalama. Cheti hicho kikikosekana au kikipitwa na siku, simu ya mwananchi humwonya kwamba mahali anapotaka kuingia si salama. Mkazi wa mjini aweza kwenda kwa miguu kuuliza ofisini. Mkazi wa kisiwani hurudi bandarini kukata tiketi.

Leo twapenda kueleza sababu moja ya vyeti hivyo kushindikana kutengenezwa. Si sababu kubwa, wala si ya uhalifu. Ni maktaba za pamoja za kompyuta kutolingana matoleo. Twaieleza kwa kuwa dawa yake yajulikana, na kwa kuwa haraka ya kuificha imewahi kuleta hasara kubwa kuliko kosa lenyewe.

Cheti hutengenezwaje

Cheti cha usalama hufanya kazi mbili. Humhakikishia mwananchi kwamba ukurasa alioufungua ni wa taasisi iliyotajwa, na husaidia kufunga mazungumzo yao yasisomwe na mtu wa njiani. Ili kukipata, fundi wa taasisi hutengeneza kwanza funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja ni wa siri, nao haupaswi kutoka katika mashine ya taasisi. Wa pili ni wa hadharani. Kisha huandika ombi lenye jina la taasisi na ule ufunguo wa hadharani, akalipeleka kwa mamlaka ya kutoa vyeti. Mamlaka ikisharidhika hutia saini yake, na ombi hugeuka kuwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Kazi ya kutengeneza funguo na ombi, katika seva nyingi za nchi hii na za dunia, hufanywa na programu iitwayo OpenSSL. Programu hiyo ilianza mwishoni mwa mwaka 1998, ikijengwa juu ya kazi ya Eric Young na Tim Hudson. Ni mali ya umma kwa maana kwamba kila mtu aweza kuisoma, kuichukua na kuitumia bila ya malipo.

OpenSSL haikukusanya ujuzi wake wote mahali pamoja. Programu yenyewe, ile ambayo fundi huiita kwa jina, ni ndogo. Hesabu nzito zimo katika faili mbili za pembeni: libcrypto, yenye hesabu za usimbaji na za kutengeneza funguo, na libssl, yenye taratibu za mazungumzo ya siri. Faili hizo ndizo ziitwazo maktaba za pamoja. Hazina vitabu, zina kazi zilizokwisha kuandikwa, tayari kwa programu yoyote kuziazima.

Mizani ya soko

Tuwaombe wasomaji watufuate Kariakoo. Tuseme wachuuzi kumi wa viazi wana mizani moja na sanduku moja la mawe ya kupimia. Faida ya mpango huo ni dhahiri. Mkaguzi wa vipimo akija, hukagua sanduku moja tu, na jiwe likirekebishwa, wote kumi wamerekebishwa.

Ndivyo maktaba za pamoja zilivyo. Mnamo tarehe 7 Aprili 2014 dunia ilipotangaziwa ufa mkubwa katika OpenSSL, ufa ulioitwa Heartbleed, seva nyingi ziliponywa kwa kubadili maktaba na kuziwasha upya huduma zake. Haikulazimu kuandika upya kila programu iliyoitumia maktaba hiyo.

Lakini kila kitu cha pamoja kina masharti. Wazee wetu wanakumbuka nchi ilipohama kutoka ratili kwenda kilo. Mchuuzi mwenye daftari la kilo, akikuta sandukuni mawe ya ratili, hawezi kupima. Akiomba jiwe la kilo mbili, jiwe hilo halimo. Sanduku ni lile lile, kufuli ni ile ile, na jina lililoandikwa juu ni lile lile. Vilivyomo ndani ndivyo visivyolingana na daftari.

Kosa linapoingia

Tuchukue mfano wa ofisi isiyo na jina. Seva yao ilikuja na OpenSSL ya toleo la 3.0, iliyowekwa na waliotayarisha mfumo mzima wa mashine. Fundi mmoja, kwa nia njema, akataka toleo jipya zaidi, tuseme 3.2, ambalo lilitoka mwezi Novemba 2023. Akalichukua, akalijenga mwenyewe, na mashine ikaliweka katika saraka ya /usr/local. Sasa ofisi ina programu mbili za jina moja na masanduku mawili ya mawe.

Fundi akiandika jina la openssl, mashine huanza kutafuta katika /usr/local, hivyo huamka ile programu mpya. Programu mpya huomba maktaba iitwayo libcrypto.so.3. Hapo ndipo penye mtego, maana matoleo yote ya mfululizo wa 3 hulitumia jina hilo hilo. Mashine, isipokuwa imeelezwa vingine, haijui kwamba kuna sanduku jipya kule pembeni. Hulifungua sanduku la zamani. Programu ya 3.2 huomba jiwe la 3.2, halimo, nayo hukataa kuendelea, ikiandika kwamba toleo OPENSSL_3.2.0 halikupatikana ndani ya libcrypto. Ufunguo hautengenezwi, ombi haliandikwi, na cheti hakitoki.

Sura ya pili ya kosa hili ni ya programu zilizojengwa zamani. Mfumo wa Ubuntu wa Aprili 2022 uliacha toleo la 1.1.1 na kuchukua la 3.0. Programu ambayo taasisi iliuziwa miaka mingi nyuma bado yaomba libssl.so.1.1, na maktaba hiyo haimo tena katika mashine.

Sura ya tatu ni ya mfuko wa funguo. Taasisi nyingi hupokea ufunguo na cheti chake vikiwa vimefungwa pamoja katika faili moja lenye neno la siri. Mifuko mingi ya zamani ilifungwa kwa njia ya usimbaji iliyokwisha kudhoofika, na OpenSSL ya toleo la 3, iliyotoka Septemba 2021, iliziondoa njia hizo katika matumizi ya kawaida na kuziweka katika faili la pembeni la mambo ya kale. Fundi huandika neno la siri lililo sahihi kabisa na mfuko usifunguke, naye akadhani ameibiwa ufunguo.

Utaratibu wa kutafuta chanzo

Kwa maoni yetu jambo la kwanza ni kuusoma ujumbe wa mashine wote na kuuhifadhi. Fundi aliyekwisha kuufuta ujumbe amepoteza shahidi wake.

Jambo la pili ni kujua ni programu ipi iliyoamka. Amri ya type -a openssl huorodhesha kila openssl iliyomo katika njia za mashine, kwa kadiri ya zamu zake. Zikiwa mbili au zaidi, chanzo kimeanza kuonekana.

Jambo la tatu ni kuuliza programu hiyo imeshika maktaba ipi. Amri ya ldd, ikifuatwa na anwani kamili ya programu, huonyesha kila maktaba na mahali ilipo. Programu ya /usr/local ikionekana imeshika maktaba za /usr/lib au za /lib, basi daftari ni la kilo na mawe ni ya ratili. Mahali ambapo programu bado yaweza kuamka, amri ya openssl version hutaja toleo la programu na toleo la maktaba, na mawili hayo yapasa kuwa sawa.

Jambo la nne ni kutazama kama kuna mtu aliyeiachia mashine maelekezo ya kando. Mara nyingi huwa yamo katika kigezo kiitwacho LD_LIBRARY_PATH, ambacho huiambia mashine itazame saraka fulani kabla ya nyingine. Kigezo hicho huwekwa kwa dharura ya siku moja na kusahauliwa kwa miaka.

Jambo la tano, ambalo husahauliwa sana, ni kujaribu kwa jina la mtumiaji yule yule na kwa namna ile ile ambayo kazi hufanywa kila siku. Kazi ya usiku inayojiendesha yenyewe haina njia zile zile alizonazo fundi aliyeketi mbele ya mashine mchana. Wako mafundi walioapa kwamba amri yafanya kazi, nao walisema kweli. Ilifanya kazi kwao, na ikashindwa saa nane za usiku.

Dawa na sumu

Chanzo kikishajulikana, dawa si ngumu. Kama haja ni kutengeneza ufunguo na ombi tu, programu iliyokuja na mfumo yatosha; iitwe kwa anwani yake kamili, /usr/bin/openssl, na kigezo cha kando kiondolewe. Kama toleo jipya lahitajika kwa sababu ya kweli, lipewe saraka yake lenyewe, na lijengwe likiwa limeandikiwa ndani mahali maktaba zake zilipo, lisitegemee kubahatisha. Kama saraka mpya ya maktaba imeongezwa katika orodha ya mashine, amri ya ldconfig ifuate. Mfuko wa funguo wa zamani ufunguliwe mara moja kwa kibali maalumu cha mambo ya kale, kisha ufungwe upya kwa njia ya leo. Programu ya zamani irudishwe kwa aliyeiuza aijenge upya, maana toleo la 1.1.1 lilikoma kupata marekebisho ya wazi kwa umma tarehe 11 Septemba 2023.

Ziko njia za mkato ambazo twazipinga. Ya kwanza ni kuipa maktaba mpya jina la maktaba ya zamani ili programu inyamaze. Huko ni kuchukua jiwe la ratili na kulipaka rangi lisomeke kilo. Mara nyingi mashine hugundua na kukataa. Mahali isipogundua ni vibaya zaidi, kwa sababu hakuna ajuaye kilichopimwa.

Ya pili ni kuzifuta maktaba za mfumo na kuweka nyingine juu yake. Maktaba ya libcrypto haitumiwi na kazi ya vyeti peke yake. Hutumiwa pia na huduma ya SSH, ule mlango ambao fundi huingilia katika seva akiwa mbali. Fundi aliyeketi Dar es Salaam akaiharibu maktaba hiyo katika seva iliyopo Chake Chake amejifungia nje ya nyumba. Hapo hapana amri itakayomsaidia. Itabidi mtu apande boti, na huduma isimame hadi atakapofika.

Ya tatu ni kuchukua maktaba kutoka mahali pasipojulikana. Maktaba hiyo ndiyo itakayotengeneza ufunguo wa siri wa taasisi. Hakuna afisa mwadilifu ambaye angempa mpita njia kazi ya kuchonga muhuri wa ofisi.

Funzo la mwaka 2008

Wako watakaosema kwamba twakuza mambo, na kwamba mradi cheti kimetoka, yatosha. Tunawakumbusha yaliyowapata watumiaji wa mfumo wa Debian.

Mwaka 2006, mtunzaji wa OpenSSL katika mfumo huo alipata malalamiko kutoka katika chombo cha kukagua programu. Ili malalamiko yakome, aliondoa mistari michache ya maandishi ya maktaba. Malalamiko yalikoma kweli. Lakini mistari ile ndiyo iliyoingiza bahati nasibu katika utengenezaji wa funguo. Toka siku hiyo maktaba iliendelea kutoa funguo bila ya kosa lolote kuonekana, nazo zilikuwa dhaifu mno. Kwa kila aina ya mashine na kila ukubwa wa ufunguo, funguo zilizowezekana hazikuzidi 32,768, idadi ambayo kompyuta huweza kuimaliza yote kwa kujaribu.

Aligundua hayo Luciano Bello, naye ni mmoja wa wajenzi wa Debian, na dunia ikatangaziwa tarehe 13 Mei 2008. Kwa muda wa karibu miaka miwili, kila aliyetengeneza ufunguo au ombi la cheti kwa maktaba hiyo alipokea ufunguo ambao mwizi aliweza kuubuni. Kwa kuwa maktaba ilikuwa ya pamoja, na ubovu nao ukawa wa pamoja. Kubadili maktaba hakukutosha. Funguo zote zilizozaliwa nayo zilipasa kutupwa na vyeti vyake kufutwa.

Kosa la maktaba zisizolingana, linalokataa kwa sauti na kusimamisha kazi, ni afadhali mara nyingi kuliko ubovu wa namna hiyo. Linamchelewesha fundi, lakini halimdanganyi. Kwa sababu hiyo twasema, baada ya cheti kutoka, kihakikishwe: ufunguo wa hadharani uliomo ndani yake ulinganishwe na ule uliotokana na ufunguo wa siri, majina na tarehe zisomwe, na ukurasa ufunguliwe kwa simu ya kawaida kutoka nje ya ofisi.

Muda unazidi kuwa mfupi

Jambo hili haliwezi kuahirishwa. Tangu Septemba 2020 vyeti vya kurasa za umma vilipewa umri usiozidi siku 398, na ofisi nyingi zilizoea kazi ya mara moja kwa mwaka. Mwezi Aprili 2025 jumuiya ya watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari ilipiga kura kuupunguza umri huo kwa hatua: siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029.

Maana yake ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa mara moja kwa mwaka itafanywa mara nane au zaidi. Haitawezekana kuifanya kwa mkono. Itafanywa na mashine yenyewe, usiku, bila ya mtu kuitazama, na mashine yenye masanduku mawili ya mawe itashindwa usiku huo huo.

Tunayoyaomba

Twawaomba wakuu wa taasisi mambo manne. Kwanza, kila seva iwe na daftari linaloonyesha programu na maktaba zilizomo, nani aliziweka, lini, na kwa sababu gani. Pili, kampuni zinazoiuzia serikali mifumo zibanwe na mikataba kutaja maktaba ambazo mifumo yao yazitegemea, na kuijenga upya toleo linapokoma kuhudumiwa. Tatu, mabadiliko yafanyiwe majaribio katika mashine ya pembeni kabla ya kuguswa ile inayohudumia umma, hasa ikiwa iko ng'ambo ya maji. Nne, cheti kianze kushughulikiwa siku 30 kabla ya kwisha maadamu umri wake unaruhusu, na watu wawili wajue kazi hiyo, asiwe mmoja ambaye akienda likizo ofisi hufungwa pamoja naye.

Liko jambo la tano, nalo lawahusu watumishi wa dirishani. Mwananchi anapopiga simu kusema kwamba kivinjari chake kimemwonya, asiambiwe apuuze onyo na kuendelea. Mtumishi anayesema hivyo amemfundisha mzee wa Makunduchi kuwafungulia mlango matapeli, kwa maana onyo la tapeli na onyo la ofisi iliyochelewa huonekana sawa katika simu yake. Aambiwe asubiri, apewe namna nyingine ya kuhudumiwa, na tarehe ya malipo isogezwe bila ya faini, kwa sababu kosa si lake.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, msione haya kuuliza. Mkiambiwa kwamba mtandao unasumbua, ulizeni unasumbua nini, na tangu lini. Jibu la kweli lipo, na kwa kosa tulilolieleza leo, fundi mwenye amri mbili tatu na ofisi yenye daftari aweza kulipata kabla ya boti ya jioni kuondoka.